Historia ya shamba la mlowezi ianzie kwenye daftari la shokoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo (nafasi yenyewe si ndogo, uniwie radhi) niongezee na kusahihisha makala ya kurasa zenu za utalii iliyohusu nyumba za zamani za walowezi zinazobomoka kati ya Tengeru na Usa River. Mwandishi alishauri tuige Estonia: tukarabati jumba, tuchonge kibao, tupande maua, mtalii alipe kiingilio. Akatoa mfano wa Palmse. Mfano ni mzuri, ila mwandishi aliishia barazani. Zizini hakuingia, ghalani hakufika, na kijijini walikolala watu waliolijenga jumba hilo hakukanyaga kabisa.

Jumba lenyewe tulimalize kwanza. Palmse iko kaskazini mwa Estonia, kiasi cha kilomita 80 mashariki ya Tallinn, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Lahemaa iliyoanzishwa mwaka 1971, ya kwanza katika Sovieti yote. Shamba hilo linatajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1286, likiwa mali ya watawa wa kike wa Sistersiani wa Tallinn. Mwaka 1510 watawa walilitoa kwa kubadilishana ardhi. Mwaka 1677 likaingia mikononi mwa ukoo wa von der Pahlen, likabaki humo hadi mwaka 1923. Sura ya jumba tunayoiona leo ni ya matengenezo ya 1782 hadi 1785 yaliyosimamiwa na Johann Caspar Mohr. Ule ukarabati uliosifiwa na makala yenu ulifanyika kati ya 1975 na 1986, wakati Wakomunisti bado wameshika nchi. Kwa hiyo kusema kwamba utalii wa kisasa ndio uliolifufua Palmse ni kutanguliza mkokoteni mbele ya ng'ombe.

Makala ilisema pia kwamba Palmse ni masalia ya ukoloni wa Wajerumani "kama wetu". Hapana. Serikali ya Berlin haikuitawala Estonia, ukiacha miezi michache ya mwaka 1918 na miaka ya vita ya 1941 hadi 1944. Kaskazini ya nchi ile ilikuwa ya mfalme wa Denmark hadi 1346, ikafuata zamu ya wapiganaji watawa wa Kijerumani waliovaa msalaba, ikaja Uswidi kuanzia 1561, na Urusi kuanzia 1710. Bendera zilipita, bwana akabaki: mwenye shamba alisema Kijerumani, mkulima alisema Kiestonia, na kila mtawala mpya aliona heri apatane na wenye mashamba kuliko kuwagusa. Carl Magnus von der Pahlen wa Palmse alikuwa jenerali wa jeshi la Urusi, na kati ya 1830 na 1845 alikuwa gavana mkuu wa majimbo ya Baltiki. Hao walikuwa Wajerumani wa Tsari, yaani mfalme wa Urusi.

Tofauti hiyo inatuhusu hapa Arusha kuliko tunavyodhani. Wamisionari wawili wa shirika la Leipzig waliouawa Akeri, Meru, Oktoba 1896, yaani Ewald Ovir na Karl Segebrock, walitoka majimbo hayohayo ya Baltiki. Leonhard Blumer, aliyefanya kazi Ilboru miaka mingi kuanzia 1907, alikuwa Mestonia. Kwenye simulizi zetu wote wanaitwa "Wajerumani" kwa sababu shirika lililowatuma lilikuwa la Kijerumani. Mtu anayetafuta nyaraka zao Ujerumani peke yake anaacha nusu ya habari kwenye parokia za Baltiki.

Sasa lile lililoachwa.

Kila shamba kubwa la bwana kule, kwa Kiestonia mõis, lilikuwa na daftari liitwalo vakuraamat. Humo kila kaya ya kijiji ina sehemu yake: jina la kaya, watu wenye nguvu, wanyama wa kazi, kisha deni. Nafaka, kuku, mayai na uzi vilikuwemo, lakini deni kubwa lilihesabiwa kwa siku. Siku zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na siku ya mnyama, ambapo kaya ilitoa mtu pamoja na farasi au ng'ombe wa kulimia, mwaka mzima. Na siku ya miguu, ambapo mtu alikwenda na mikono yake mitupu, kuanzia sikukuu ya Mtakatifu George, 23 Aprili, hadi ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba. Shokoa hiyo, yaani kazi ya lazima isiyo na malipo, ilikuwa na masharti yake: mkulima alikuja na mnyama wake, plau yake na chakula chake. Ndiyo sababu orodha za mali za mashamba mengi ya karne ya 18 zinaonyesha ardhi kubwa na plau chache. Plau zilikuwa kijijini.

Tufanye hesabu ili msomaji aone uzito. Tuseme kaya inadaiwa siku tatu za mnyama kila wiki na siku tatu za miguu wakati wa kiangazi. Siku za mnyama ni 156 kwa mwaka. Kiangazi, kwa tarehe nilizotaja, ni wiki 23 hivi, kwa hiyo siku za miguu ni kama 69. Jumla ni siku 225 za mtu mzima, na bado hatujahesabu kupura nafaka ya bwana usiku, kusafirisha mizigo yake hadi mjini wakati wa theluji, wala uzi ambao mama wa nyumba alipaswa kusokota kwa kitani cha bwana. Baba na mama peke yao hawawezi. Ikabidi kaya iweke kijana wa kazi, alishwe na avishwe na mkulima, kazi yake kubwa ikiwa kwenda kumtumikia bwana kwa niaba ya kaya. Asiyelijua hili hufungua orodha ya watu ya mwaka 1795, akaona kaya ina vijana wa kazi watatu, akaandika kwamba huyo alikuwa mkulima tajiri. Mara nyingi maana yake ni kwamba alikuwa na deni kubwa la siku.

Ubaya mwingine haukuwa wingi wa siku ila majira yake. Nyasi za mifugo hukatwa zikiwa na jua, na rai (nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano) huvunwa kabla punje hazijaanza kupukutika. Jua ni lilelile kwa bwana na kwa mkulima, na bwana alitangulia. Nafaka ya mkulima ilivunwa jioni, usiku wa mbalamwezi au Jumapili, na iliyochelewa ilimwagika chini. Upungufu huo hauandikwi popote kwenye daftari, ila matokeo yake unayakuta: kufika masika kaya inakopa mbegu kwenye ghala, na mwaka unaofuata inalipa kilichokopwa pamoja na nyongeza.

Nani aliyehesabu siku? Msimamizi aliitwa kubjas, mtu wa kijiji hukohuko aliyepewa fimbo. Hapa tungemwita nyapara na kila mtu angeelewa. Wengi wao hawakujua kuandika. Walitumia kijiti kilichopasuliwa katikati kwa urefu: nusu anakaa nayo nyapara, nusu anakaa nayo mkulima. Siku ikiisha, nusu mbili zinaunganishwa na kuchanjwa alama moja inayopita kote kuwili. Hakuna anayeweza kuongeza au kufuta bila mwenzake kugundua, kwa sababu alama hazitalingana. Vijiti vya namna hiyo viko makumbusho, na mwanafunzi yeyote anaweza kuvisoma kwa ncha ya kidole.

Msomaji wa Arusha au Moshi ameshakumbuka jambo. Kipande chetu cha enzi ya Waingereza kilifanya kazi kwa kanuni ileile: kadi ya siku 30, nyapara anatia alama pale tu kazi ya siku imekamilika. Ukiugua, mvua ikinyesha, au kipimo chako cha palizi kikibaki mistari miwili, hakuna alama. "Mwezi" wa kipande ukawa unachukua wiki sita au zaidi. Tofauti moja ni kwamba kadi ilikuwa moja, wakati kijiti cha Estonia kilikuwa na nusu mbili. Mkulima wa Palmse, mtwana asiye na ruhusa ya kuhama, alikuwa na stakabadhi ambayo kibarua wetu mara nyingi hakuwa nayo.

Tuingie nyuma ya jumba. Jengo lililoendesha uchumi wa mashamba mengi ya Estonia tangu nusu ya pili ya karne ya 18 lilikuwa mtambo wa pombe kali. Soko la Urusi lilipofunguka, wenye mashamba waligundua kwamba rai ikisafirishwa ikiwa punje, gharama ya njiani inakula faida. Ikigeuzwa pombe, farasi mmoja anabeba thamani ya mizigo kadhaa. Nafaka ilisagwa, ikachanganywa na kimea na maji ya moto, wanga ukageuka sukari, ikaachwa ichachuke, kisha ikachemshwa kwenye chungu cha shaba na mvuke kupozwa. Kadiri karne ya 19 ilivyosonga, viazi vilichukua nafasi ya rai. Hadi hapo mama yeyote wa Machame anayepika mbege anafuata hatua zote isipokuwa ya mwisho.

Faida ya pili ilikuwa kwenye machicha. Machicha ya moto yalipelekwa zizini, ambako madume ya ng'ombe yalinunuliwa wakati wa vuli, yakanoneshwa majira yote ya baridi, na masika yakaswagwa kwenda St. Petersburg kuchinjwa. Samadi yao ilirudishwa kwenye mashamba ya bwana, ambayo yakazaa rai zaidi, ambayo ikarudi kwenye mtambo. Ni mzunguko safi ukiutazama kwenye karatasi. Ulivyokwama ni hivi: mtambo unakula kuni bila huruma, na kuni zilikatwa na kusombwa kwa siku za shokoa, wakati wa baridi kwa sababu sleji huteleza juu ya theluji. Misitu iliyo jirani ilikwisha, safari zikarefuka, farasi wa mkulima akafika masika amekonda, na plau ya kwanza ya mwaka ikaenda polepole. Pombe iliyobaki iliuzwa kwa mkulima mwenyewe kwenye vilabu vya njiani, navyo vilikuwa mali ya bwana. Leo mtambo wa Palmse ni hoteli. Mtalii analala pale ilipochemka rai ya watwana na kuambiwa kwamba kuta ni nene kwa ajili ya utulivu.

Na mkulima alilala wapi? Nyumba ya kijijini ina sehemu tatu chini ya paa moja refu la nyasi au mabua: chumba cha tanuri, sakafu ya kupuria, na vyumba vidogo visivyo na moto. Chumba cha tanuri ndicho kiini. Tanuri ni rundo la mawe lisilo na bomba la moshi. Moshi unatanda juu na kutokea mlangoni, kwa hiyo mlango ni mfupi, anayeingia anainama. Juu, karibu na dari, kumepangwa boriti. Baada ya mavuno, miganda ya rai inapandishwa juu ya boriti hizo, tanuri linawashwa, na nafaka inakaushwa kwa joto na moshi pamoja. Kisha inateremshwa kwenye sakafu ya jirani na kupurwa. Baridi ikiingia, familia inahamia chumba hichohicho, na kuku pamoja nao.

Wageni wa karne ya 18 na 19 walidharau nyumba hizi kwa masizi yake, lakini zilikuwa na akili. Vuli ya kule ni mvua mfululizo. Nafaka isiyokaushwa kwa moto huota ikiwa kwenye ganda au huvunda ghalani. Rai iliyopitia moshi ilikaa miaka bila kushambuliwa na wadudu. Hatari yake ni moja, nayo ni kubwa: moto ukizidi, au cheche moja ikiruka kwenye bua, nyumba, chakula na mbegu vinaondoka kwa usiku mmoja. Wachagga wa nyumba za msonge watauelewa mpango huu bila mkalimani. Dari juu ya meko, ndizi na mahindi yakikaukia moshini, masizi yakilinda nyasi za paa dhidi ya wadudu: ni jibu lilelile kwa mvua tofauti.

Uhuru. Hapa makala yenu iliandika mstari mmoja tu, kwamba watwana "waliachiwa huru mwaka 1816". Tarehe ni sahihi kwa jimbo la kaskazini. Kusini, lililoitwa Livonia, ilikuwa 1819. Urusi yenyewe ilisubiri hadi 1861. Lakini sheria hizo zilimfungua mtu na kuiacha ardhi yote kwa bwana. Mkulima aliamka huru akiwa mpangaji wa shamba lilelile alilolima babu yake, na kodi ilikuwa nini? Siku za kazi. Shokoa ikabadilika jina, ikaitwa mkataba. Kabla ya hapo sheria ya 1804 iliwahi kuweka kikomo cha siku kulingana na ubora wa ardhi. Baada ya uhuru "makubaliano" yalikuwa kati ya mwenye ardhi yote na asiye na hata kipande.

Ndivyo tulivyofika Mahtra. Sheria mpya ya jimbo la kaskazini ya mwaka 1856 ilitangazwa kwa wakulima mwaka 1858. Iliahidi kufuta siku za nyongeza za mavuno na za kubeba samadi, ila baada ya kipindi cha miaka kumi. Wakulima, wengine wakiisoma wenyewe kwa Kiestonia, hawakuamini kwamba Tsari angetoa kitu kwa mkono mmoja na kukizuia kwa mwingine. Wakasema mabwana wameficha sheria ya kweli, na wakakataa siku za nyongeza. Askari wakaletwa. Tarehe 2 Juni 1858 wakulima wa vijiji vya jirani, wakiwa na magongo, waliwakabili askari katika uwanja wa shamba la Mahtra. Risasi zikapigwa, wakulima wakauawa, ofisa mmoja naye akauawa, jumba likachomwa moto. Waliohukumiwa walipigwa viboko kikatili, wengine wakapelekwa Siberia. Jumba hilo halina ukarabati wa kuonyesha watalii. Kuna makumbusho ya wakulima ya Mahtra, katika kijiji cha Juuru, na kwa maoni yangu atakayeandika historia ya mashamba ya Usa River angeanzia huko kabla ya kwenda Palmse.

Kazi ya shokoa ilikomeshwa kabisa mwaka 1868. Ununuzi wa mashamba ulikuwa umeanza, mapema zaidi kusini kuliko kaskazini. Kule Livonia sheria ya 1849 iliagiza ardhi ya wakulima itengwe na ya bwana kwa mstari mwekundu kwenye ramani. Iliyo upande wa wakulima haikuruhusiwa kukodishwa wala kuuzwa kwa asiye mkulima. Bwana alibaki mmiliki hadi deni liishe, na mkulima alilipa kwa miaka mingi. Fedha zilitoka kwenye kitani: miaka ya 1860 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikausha pamba, bei ya kitani ikapanda, na wakulima wa eneo la Viljandi wakanunua mashamba na kujenga nyumba zenye bomba la moshi. Wazee wa Kibosho na Marangu waliolipa ada za shule kwa kahawa wanaujua vizuri mwaka wa bei nzuri unavyofanana.

Waliokosa fedha wakabaki kama vibarua wa mwaka kwa bwana, wanaoitwa moonakas, yaani watu wa posho: kibanda, nafaka, chumvi, kiwanja cha viazi na ruhusa ya kufuga ng'ombe. Desemba 1905 hasira ililipuka na majumba zaidi ya 100 ya kaskazini yakachomwa. Nchi ilipopata uhuru, Bunge la Katiba likapitisha sheria ya ardhi tarehe 10 Oktoba 1919: mashamba ya mabwana yakatwaliwa, pamoja na mifugo na vifaa, yakakatwakatwa kuwa mashamba mapya, mengi ya hekta 10 hadi 20, askari wa vita vya uhuru wakipewa kipaumbele. Ugumu wake haukuwa ardhi. Mtu alipewa hekta 15 za shamba la wazi bila zizi, bila kisima, bila farasi. Majengo ya bwana yalikuwa makubwa mno kwa mtu mmoja na madogo mno kwa ishirini. Mengine yakabomolewa kwa matofali yake, mengine yakawa shule. Mashule hayo ndiyo yaliyookoa majumba mengi, kwa sababu paa la shule huzibwa likivuja.

Sovieti waliingia 1940 wakaweka kikomo cha hekta 30. Kati ya 25 na 28 Machi 1949 zaidi ya watu 20,000 walichukuliwa kwa treni kupelekwa Siberia, wengi wao wanawake, watoto na wazee, na waliobaki wakajiunga na mashamba ya pamoja haraka haraka. Hapo ndipo vijiji vingi vilipovunjika, na si katika siku za mabwana.

Kwa wasomaji wenu wanaotaka kufanya utafiti wa aina hii, wakiwemo wale wenye shauku na akina Ovir na Blumer, naomba kutaja mitego. Nyaraka za Estonia ziko wazi mtandaoni bure kwenye mfumo wa hifadhi ya taifa uitwao Saaga, kwa hiyo kikwazo si nauli. Kikwazo ni kusoma. Maandishi ni ya Kijerumani cha mkono wa kale. Anza na kitabu cha ubatizo, ambacho maneno yake yanajirudia kila mstari, na uache daftari la shokoa hadi jicho lizoee.

Kalenda ya kule ilikuwa nyuma kwa siku 12 katika karne ya 19 na 13 katika karne ya 20 hadi Februari 1918. Mapambano ya Mahtra ya 2 Juni ni 14 Juni kwa kalenda yetu, na vitabu viwili vyenye tarehe mbili huenda vyote viko sahihi. Kipimo kiitwacho adramaa, "ardhi ya plau", ni kipimo cha uwezo wa kulipa. Ukikigeuza kuwa hekta utapata namba isiyo na maana. Hata vipimo vya eneo, cha Tallinn na cha Riga vina jina moja na ukubwa tofauti.

Mtego unaowanasa wengi ni majina. Wakulima wa kaskazini walipewa majina ya ukoo mwaka 1835, kusini miaka ya 1820. Kabla ya hapo mtu alijulikana kwa jina la kaya na jina lake la ubatizo, na jina la kaya lilikaa na mahali. Jaan wa kaya ya juu akihamia kaya ya kisimani, anakuwa Jaan wa kisimani. Kwetu ni kinyume: Mushi akihamia Babati anabaki Mushi. Halafu miaka ya 1930 watu wengi wenye majina ya Kijerumani waliyabadili kuwa ya Kiestonia, kwa hiyo familia moja inaweza kuwa na majina matatu ndani ya miaka 100. Dawa ni orodha za hesabu ya watu za 1782, 1795, 1811, 1816, 1834, 1850 na 1857. Kwa kila mwanamume zinaonyesha umri wa sasa na umri wa hesabu iliyopita, na aliyeondoka huandikwa alikokwenda. Shika umri, usishike jina. Wanawake wana umri mmoja tu, hivyo ukimtafuta bibi pitia kitabu cha ndoa.

Na kijiji chenyewe kinaweza kisiwepo pale ramani ya zamani inapokionyesha. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vijiji vilivyosongamana, vyenye mashamba ya vipande virefu vilivyochanganyika, vilipimwa upya na kila kaya ikahamishiwa kwenye kiwanja chake. Nyumba zilibomolewa gogo kwa gogo na kujengwa mbali. Sisi Tanzania tulifanya kinyume chake mwaka 1974, tukakusanya watu, na ramani zetu za kabla ya hapo zinamchanganya mgeni vilevile.

Sasa turudi Tengeru na Usa River. Leganga, Wajerumani walipaita Leudorf, na miongoni mwa walowezi wake walikuwemo Wajerumani waliotoka Urusi. Mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam. Yatafutwe madaftari ya kipande na posho kabla ya picha za baraza. Ipimwe mifereji: ilitoka wapi, ilikatwa lini, na nani alipewa zamu ya usiku, kwa sababu mwenye zamu ya usiku ndiye aliyenyimwa ya mchana. Itafutwe mipaka ya masale (mmea unaopandwa mipakani) iliyomezwa ndani ya bikoni za wapima ardhi. Yaandikwe majina ya vijiji vilivyohamishwa, tukianza na Engare Nanyuki, ambako Wameru kama 3,000 waliondolewa mwaka 1951 na Kirilo Japhet akapeleka shauri lao Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Yafuatwe na yaliyotokea baada ya mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro kutaifishwa mwaka 1973: mitambo ya kumenyea kahawa ilikwenda wapi, nyumba za vibarua zilibaki kwa nani.

Wazee waliowahi kubeba kipande wamebaki wachache, na kadi zao nyingi ziko kwenye makopo ya chai chini ya kitanda. Panya hula karatasi kabla ya bati kuoza. Zipigwe picha mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndipo nyapara alipoandika sababu ya siku isiyohesabiwa.

Msomaji wenu,
Usa River, Arusha